Mfupa wa Danstan

Walimnyoa Danstan kichwa chote kwa wembe, na muda wote aliokuwa akinyolewa hakutikisa hata kope. Adventina alisimama pembeni ya kitanda akiwa ameshika shati la mumewe, lile lenye damu iliyokauka begani, akitazama nywele zikidondoka kwenye gazeti. Alijua anapaswa kulia. Wanawake wengine wodini walimtazama kama watu wanaosubiri alie ili nao wapate kusema pole. Machozi hayakuja. Tangu alipoletewa habari kwamba baiskeli ya ndizi imemshinda Danstan kwenye mteremko, mwili wake ulikuwa umekufa ganzi, na alikuwa akipanda magari, akijibu maswali na kununua alivyoagizwa kununua kama mtu aliyetumwa na jirani.

Danstan hakuwa mzembe. Yeyote aliyewahi kushusha ndizi kwa baiskeli kule Mbuba anajua kwamba mzigo ule hauna breki. Unashuka nao mguu mmoja umekanyaga tairi la nyuma, ndala inanuka mpira ulioungua, na unamwomba Mungu kona iwe tupu. Siku hiyo kona haikuwa tupu, kulikuwa na mbuzi. Mbuzi hakuguswa hata unyoya, na mwenye mbuzi alikuja hospitali ya wilaya kutoa pole akiwa na aibu kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyemwangusha Danstan kwa mkono wake. Kutoka hapo gari la wagonjwa liliwabeba, likapita Biharamulo, likawafikisha Mwanza kwenye hospitali ya rufaa, na Adventina hakuona kitu njiani zaidi ya mfuko wa maji uliokuwa ukining'inia juu ya mume wake.

Daktari Luhende, mpasuaji wa vichwa, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimvutia Adventina kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

“Mama, ubongo wa baba umevimba,” alisema. “Fuvu ni gumu, halipanuki. Ubongo ukivimba ndani ya kitu kisichopanuka unajibana wenyewe mpaka unazimika. Umenielewa?”

“Nimeelewa, daktari.”

“Basi tunamfungulia nafasi. Kufungua kichwa kuko kwa namna kadhaa. Damu ikiwa imejikusanya tu, tunatoboa matundu, inatoka, tunafunga. Mara nyingine tunakata kipande cha mfupa, tunafanya kazi yetu, tunakirudisha hapo hapo. Kwa baba, hizo hazitoshi. Yeye tutakata kipande kikubwa, na hatutakirudisha leo.”

Akajichora kwa kidole kichwani mwake mwenyewe, kuanzia mbele ya sikio, juu, nyuma, mpaka kwenye paji la uso. “Tunapasua ngozi hivi, tunaifunua. Tunatoboa matundu kuzunguka, kwa keekee. Halafu tunapitisha waya wa msumeno chini ya mfupa, unaingia tundu hili unatokea lile, tunakata. Kipande kinanyanyuka.”

Keekee na msumeno Adventina alivijua. Shemeji yake, Wiston, mdogo wake Danstan, alikuwa na karakana ya useremala pale Mbuba senta, na vitanda vyote vya nyumbani kwao vilitoka kwenye vyombo hivyo. Hakushtuka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

“Na hicho kipande mnakipeleka wapi?”

“Tumboni mwake.”

Adventina alimtazama.

“Chini ya ngozi, hapa, pembeni ya kitovu,” daktari alisema, akijigusa juu ya koti jeupe. “Siyo kwenye utumbo. Hatuna friji ya kutunzia mifupa ya watu, na hata tungekuwa nayo, hakuna friji inayoshinda mwili wa mwenyewe. Uvimbe ukiisha, miezi mitatu hivi, mnarudi. Tunakitoa tumboni, tunakirudisha mahali pake. Lakini msikae huko mkasahau. Mtu anaweza kuishi bila mfuniko, ila ubongo hauipendi hali hiyo. Ataanza vizuri, ataongea, atacheka, halafu taratibu ataanza kurudi nyuma. Mfupa ule ndio utakaomrudishia mume wako, mama. Mumtunze yeye na mumtunzie na mfupa wake.”

Nesi akaleta karatasi ya kukubali upasuaji. Kabla Adventina hajaishika, simu ikaita.

Alikuwa Wiston. Ndiye aliyetafuta mafuta ya gari la wagonjwa, akauza mbao alizokuwa amezikausha tangu kiangazi, kwa hiyo alikuwa na haki yote ya kupiga simu saa yoyote.

“Shemeji, nimesikia wanataka kumpasua kichwa kaka.”

“Ndiyo.”

“Wampasue, sawa. Lakini wasitoe kitu. Umenisikia? Wakifungua, wafunge. Mfupa wa mtu siku hizi ni mali, watu wanachinjwa kwa ajili yake. Kaka arudi na kila alichoondoka nacho. Mama hapa hali, hanywi, anasema neno hilo hilo. Ukiruhusu wakatoa kitu, shemeji, huku usirudi.”

“Nimesikia.”

“Useme kwa mdomo wako. Hawatatoa kitu?”

“Hawatatoa kitu.”

Alikata simu, akachukua kalamu ya nesi, akaandika jina lake lote kwa mwandiko wa darasa la saba, akaangalia kama ameliandika juu ya mstari. Wakamsukuma Danstan kwenye kitanda cha magurudumu. Kesho yake Wiston alipopiga tena kuuliza kama wamefungua na kufunga na kurudisha kila kitu, Adventina alijibu kwamba wamerudisha. Mbele ya dhamiri yake alijitetea kwamba hajasema uongo mtupu, kwa kuwa mfupa ulikuwa ndani ya Danstan, na ndani ya Danstan ni kwake.

*

Waliporudi Mbuba, Danstan alikuwa amevaa kofia ngumu ya bodaboda. Ilikuwa agizo la daktari, maana upande wa kulia wa kichwa ulikuwa ngozi tupu, na kuanguka kidogo tu kungekuwa mwisho wa habari. Adventina aliwaambia watu kwamba mfupa haujashikana vizuri. Kovu la tumboni alisema ni mahali walipopitisha mpira wa kutolea maji machafu. Wageni waliitikia kwa vichwa, wakasema madaktari wa siku hizi ni hatari, wakanywa uji, wakaondoka.

Mwanzoni Danstan alikuwa kama mtoto mkubwa. Alishika kijiko kwa ngumi, na kila kitu alikiita “hiki”. Lakini wiki baada ya wiki maneno yakaanza kumrudia. Kwanza “maji”. Kisha “chumvi”, kwa sauti ya kulalamika, mpaka mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Siku moja akawaita watoto wake wote kwa majina, mmoja mmoja, akamalizia na jina la mbwa. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta, ila aliweza kwenda mpaka shambani na kusimama chini ya mgomba akauchagulia tegemeo. Adventina alimtazama, akajiambia kwamba hii ni furaha, na kwamba siku mfupa utakaporudi mahali pake pengine ataisikia vizuri.

Kanisani hapakwenda vizuri. Katekista, mtu wa taratibu, alisema mwanamume haingii kwa Mungu na kofia, hata iwe ya pikipiki. Danstan akaivua kwa utii. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangukiwa na jiwe, na ngozi ilikuwa ikipumua. Benchi la mbele yao likageuka lote. Mtoto wa mtu akaanza kulia, mama yake akambeba akatoka naye, na mpaka misa inaisha hakuna aliyesikiliza zaidi ya Danstan. Tangu hapo walisali nyumbani.

Benedicta, mama yake Danstan, hakujali kichwa. Aliyemsumbua ni mkwewe. Kila jioni Adventina alimwogesha Danstan mwenyewe nyuma ya nyumba, amezungusha kanga, na hakuruhusu mtu.

“Mimi nimemwogesha huyu kabla wewe hujazaliwa kwenu,” Benedicta alimwambia siku moja. “Leo nimekuwa mgeni?”

“Siyo hivyo, mama. Daktari ameagiza mtu mmoja tu, kwa ajili ya vidonda.”

“Vidonda vimekauka.”

“Ndivyo alivyoagiza, mama.”

Benedicta akaenda kumenya ndizi kwa nguvu isiyohitajika. Mara kadhaa maneno yalimfika Adventina mdomoni. Angeweza kusema siku ile. Lakini alimfikiria Wiston na ile sauti yake ya usirudi, akafikiria miezi iliyobaki, na akaona ni rahisi zaidi kunyamaza mpaka warudi Mwanza, kipande kitoke tumboni na kiingie kichwani, na ibaki kuwa siri ya watu watatu, yeye na daktari na Mungu. Danstan mwenyewe hakuwa kwenye hesabu hiyo. Hakumwambia, kwa sababu siku hizo Danstan alikuwa akiwaambia wapita njia kila alichokijua.

Lakini mwili ni wake. Jioni moja akiwa anaogeshwa, alishika tumbo pembeni ya kitovu, akabonyeza, akakunja uso.

“Mke wangu, hapa kuna kitu.”

“Ni mshono.”

“Kigumu.”

“Mshono hukaza. Inua mkono.”

Akainua mkono.

*

Tarehe ya kurudi Mwanza ilipokaribia, Adventina alilazimika kwenda Nyamiaga, kwenye hospitali ya wilaya, kuchukua dawa za kuzuia kifafa na barua ya rufaa. Asubuhi alimwogesha Danstan mapema, akamvalisha shati la mikono mirefu, akalifunga vifungo vyote.

“Mama, msimsumbue kumwogesha, nimeshamaliza. Nitarudi jioni.”

“Nenda salama,” Benedicta akajibu bila kuinua uso.

Foleni ilikuwa ndefu, na daktari wa kusaini barua alikuwa ameitwa kwenye kikao. Adventina aliambiwa aje kesho. Akalala kwa binamu yake hapo hapo Nyamiaga, akapiga simu ya Benedicta, haikupokewa. Hakuwa na wasiwasi. Alilala usingizi mzito, na baadaye jambo hilo ndilo lililokuwa likimrudia, kwamba alilala vizuri kuliko siku zote za miezi hiyo.

Siku ya pili alipofika nyumbani na barua kifuani, uwanja ulikuwa umejaa watu. Alisikia vigelegele kabla ya kuona kitu. Pikipiki ngeni ilikuwa imeegeshwa kwenye ua wa kahawa, na Wiston alikuwa amesimama katikati ya watu ameshika kiuno, uso umemtulia kama mtu aliyemaliza kazi aliyoiogopa.

Benedicta akamkimbilia. Ni mwanamke ambaye hakuwa amekimbia miaka mingi.

“Mama Irine, njoo! Njoo uone kilichokuwa kinakula mume wako!”

Ilikuwa hivi. Adventina alipoondoka tu, Danstan alimwambia mama yake kwamba tumbo linamvuta, akamshika mkono, akauweka mahali penyewe. Benedicta akafungua vifungo vya shati. Akakanda kama alivyokuwa akimkanda utotoni, na chini ya vidole vyake akakuta kitu bapa, kigumu, chenye kingo, kinachosogea kidogo ukikisukuma. Hakuna ugonjwa aliowahi kuusikia wenye kingo. Mwanamke mwingine yeyote wa Mbuba angefikiri alichofikiri yeye: kwamba baiskeli haikumshinda mwanawe bure, kwamba kuna mtu kampandikizia kitu, na kwamba madaktari walihangaika na kichwa wakati uchawi umekaa tumboni. Akamwita Wiston. Wiston akashika, akapanda pikipiki mpaka Nyamahanga kumfuata Bulugu, mganga anayesifika kwa kutoa vitu miilini.

Bulugu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mzee nadhifu mwenye koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi. Mbele yake palikuwa na ungo, na kwenye ungo, juu ya jani la mgomba, palikuwa na mfupa. Ulikuwa mpana kama kiganja kilichokunjuliwa, umepinda, na upande mmoja ulikuwa mweusi, umepasuka.

“Huu ni mfupa wa mtu,” Bulugu alisema kwa Kiswahili, maana Kihangaza, lugha ya wenyeji, hakukijua. “Ulitolewa kaburini ukatupiwa mgonjwa. Nimeutoa kwa wembe mpya, nimemfunga na dawa. Na nimeutia moto kidogo kuua nguvu yake. Sasa nataka kuumalizia, nilikuwa nakusubiri wewe mwenye mume ushuhudie.”

“Nimeriona kwa macho yangu rikitoka!” Benedicta aliwaambia watu, naye kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kihangaza, ili mganga asikie shukrani yake. “Mwanangu amepona!”

Danstan alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, tumbo limefungwa kitambaa kilichoanza kulowa. Alimwona mkewe, akatabasamu. “Wametoa,” alimwambia. “Ile ya mshono.”

Adventina alisimama pale. Alitarajia kupiga yowe, lakini ndani palikuwa kimya, kimya cha nyumba iliyohamwa. Alipita katikati ya watu, akauchukua mfupa kwenye ungo kwa mikono miwili. Bulugu akamkemea asiuguse, utamwingia. Akapiga magoti kando ya mkeka, akafungua mkanda wa kofia ya mumewe, akaivua. Kisha akauweka mfupa juu ya bonde la kichwa chake, akauzungusha kidogo kutafuta mbele na nyuma, akautuliza.

Ulikaa. Mkunjo ulifuata mkunjo, kutoka sikioni mpaka pajini, na kwa kitambo kidogo Danstan alikuwa na kichwa cha mviringo kama cha watu wote.

Wiston alisogea, akainama. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa, upande ambao haukuungua, akaenda nao polepole mpaka kwenye kona, ambako ukingo uliingia ndani kwa mviringo.

“Hapa pametobolewa kwa keekee,” alisema. “Na hapa pamepita msumeno. Mama, huu mfupa haukutoka kaburini.”

“Umetoka wapi?” Benedicta aliuliza.

“Ni wake,” Adventina alisema. “Waliutoa wakamtunzia tumboni. Tulikuwa turudi wiki ijayo wauweke.”

Benedicta aliangalia mfupa, akaangalia kichwa, akaangalia mikono yake mwenyewe. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Siku zote hizo nakuuliza, ulijua?”

“Shemeji alisema wakitoa kitu nisirudi.”

“Nilisema tu!” Wiston akapaza sauti. “Nilikuwa na uchungu, nilisema tu!”

Bulugu akasimama, akajikung'uta koti. “Mimi nimeitwa kutoa kitu, nimetoa nilichokikuta,” alisema. Jogoo wake wa shukrani alikuwa amefungwa miguu kwenye usukani wa pikipiki tayari, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda kumfungua.

*

Hospitalini Nyamiaga walisafisha kidonda, wakashona, wakatundika dawa. Hakuna aliyegomba. Nesi mmoja tu alisema, “Jamani, Mbuba,” akatikisa kichwa, na Benedicta aliyekuwa ameketi kwenye benchi akayapokea maneno hayo kama kofi, akainamisha uso. Kidonda kilikuwa kimeingia uchafu. Homa ikapanda, na homa ikaleta kifafa, kimoja, kingine, vingi, mpaka Danstan akawa analala tu akikoroma, mate yakimtoka pembeni ya mdomo.

Walimpigia daktari Luhende. Adventina alisimulia yote toka mwanzo bila kuruka, hata uongo wake mwenyewe, kwa sauti ile ile ambayo mtu husomea orodha ya vitu vya dukani.

“Mfupa umeungua kiasi gani, mama?”

“Upande mmoja. Na umepasuka katikati.”

“Basi huo hauwezi kurudi.” Alipumua. “Kuna vifuniko vya kutengenezwa. Sisi hapa hatuna kwa sasa. Nitamwandika kwenye orodha ya wanaosubiri.”

“Tutasubiri mpaka lini?”

“Sijui, mama. Ningekudanganya.”

“Asante, daktari.”

“Mama, usijilaumu sana. Mimi nilipaswa kuwaita ndugu zake nikawaambia wote kwa pamoja.”

“Ndiyo,” Adventina alisema. Aliona ni kweli, na aliona kwamba ukweli huo haumsaidii mtu.

Danstan alirudi nyumbani akiwa hai, na jirani mmoja mmoja alikuja kumshukuru Mungu. Lakini alichoonya daktari kilianza kutokea mbele ya macho yao. Bonde la kichwani lilizidi kuzama. Yale maneno yaliyokuwa yamerudi yakaanza kuondoka tena, na yaliondoka kwa kuanzia ya mwisho kurudi, majina ya watoto kwanza. Chumvi ikaondoka. Kuna siku alikaa mezani akamtazama Irine, binti yake mkubwa, akamwomba kwa adabu kubwa amwonyeshe njia ya kwenda kwao. Irine akatoka nje akalia. Adventina akamwambia mumewe kwamba kwao ni hapa hapa, akamsogezea sahani.

Kati yake na Benedicta hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Benedicta aliacha kumsema. Alimwachia jiko, alimwachia mwanawe, hata kiti chake cha kawaida alimwachia akawa anakaa chini. Siku nyingine Adventina alimkuta ameshika vidole vyake vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anavibonyeza kimoja kimoja. Alitaka kumwambia kwamba kosa si lake. Kisha alifikiria kwamba kama si lake, basi ni la nani, akapita na ndoo yake.

*

Mfupa ulikuwa umekaa kwa Adventina wakati wote huo, ndani ya mfuko wa hospitali. Wiston ndiye aliyesema usitupwe.

“Mguu wa baba ulipokatwa kwa sababu ya sukari, tuliufuata, tukauleta, tukauzika,” alisema. “Huu nao una kwao.”

Katekista alipoulizwa alikataa kuja. Alisema hajui sala ya kumzikia mtu aliye hai. Basi wakakubaliana wafanye wenyewe, mchana, bila kuita watu. Walikuja majirani wachache tu, wale ambao ua wao unagusana na ua wa Danstan, wakasimama kati ya migomba na mikono yao nyuma. Wiston alichimba shimo dogo kando ya kaburi la baba yao. Alikuwa ametengeneza kisanduku cha mninga, amekipiga msasa mpaka kikang'aa, na pembe zake zimeshikana bila msumari. Benedicta aliuviringisha mfupa kwenye kitenge chake kipya ambacho hakuwa amewahi kukivaa, akaulaza ndani, akashindwa kufunika. Wiston akafunika.

Walikuwa wanateremsha kisanduku waliposikia mguu unaburuta kwenye majani makavu. Danstan alikuwa amelala walipotoka. Sasa alikuwa anakuja, akishika mgomba mmoja baada ya mwingine. Alifika, akaona shimo, akaona udogo wa kisanduku, akaona mwanamke mzee anayelia. Palepale akavua kofia yake, kama mwanamume yeyote anavyofanya msibani, akaikumbatia kifuani.

Adventina akamshika mkono. “Twende ndani, baba Irine. Jua kali.”

“Ngoja,” Danstan akasema. “Tuzike kwanza.”

Akainama kwa shida, akachota udongo, akautupa ndani. Ulidondoka juu ya mbao kwa mlio mwepesi. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali, akamwendea Benedicta, akampa mkono wa pole kwa heshima, kama mtu anayempa mama wa watu asiyemfahamu.

“Pole sana, mama,” alimwambia. “Ni mdogo. Mungu atakupa mwingine.”

Benedicta aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Watu wote walikuwa wakimtazama, na Wiston alikuwa ameacha koleo.

“Asante, baba,” alisema. “Asante kwa kuja.”